Herufi za Mchoro Huanzia Kwenye Karatasi

Nondo za slabu huandikwa kwenye mchoro kwa alama chache tu: Y12-150, yaani nondo ya milimita 12 kila baada ya milimita 150. Mstari wa ukuta ukichapwa mwembamba kuliko ulivyokusudiwa, fundi bado atautambua kuwa ni ukuta. Lakini 150 ikisomeka 180, nondo zimepungua kwa sehemu moja kati ya sita, na zege likishamwagwa hakuna jicho litakaloona kilichokosekana. Maandishi ndiyo sehemu ya mchoro isiyokubali kukisiwa.

Pamoja na hayo, maandishi ndiyo hufundishwa mwisho. Mwanafunzi wa chuo cha ufundi anajifunza programu ya kuchorea ya AutoCAD kwa kuchora mistari, kukata, kunakili na kupaka vivuli. Siku ya mwisho anaonyeshwa namna ya kuandika jina la chumba, basi. Akifika ofisini anarithi faili la mtu mwingine, lenye staili za maandishi ishirini na kitu zenye majina yasiyoeleweka, naye anaongeza ya kwake. Kwa maoni yangu, chanzo cha vurugu hiyo ni kwamba tunachagua herufi kwa kutazama kioo cha kompyuta, wakati herufi ya mchoro inatakiwa iamuliwe kwa karatasi itakayochapwa na kwa mtu atakayeishika. Kila swali la fonti, kimo, upana na staili lina jibu jepesi ukianzia hapo, na linakuwa gumu ukianzia kwenye kioo.

Waliochora kwa mkono walilijua hili bila kuambiwa, kwa sababu vifaa vyao viliwalazimisha. Mchoraji aliyetumia kalamu za wino za Rotring alikuwa na stensili za herufi zenye vimo maalumu: milimita 2.5, 3.5, 5 na 7. Kila stensili ilikuwa na kalamu yake, na rangi ndiyo iliyozioanisha: nyeupe kwa kalamu ya 0.25, njano kwa 0.35, kahawia kwa 0.5, buluu kwa 0.7. Tazama uwiano huo vizuri. Unene wa mstari ni sehemu moja ya kumi ya kimo cha herufi, katika kila jozi. Hayakuwa mapambo ya kiwandani. Ndiyo kanuni iliyomo kwenye kiwango cha kimataifa cha ISO 3098, kinachohusu uandishi kwenye michoro ya kiufundi: herufi za aina B zina mstari wa moja ya kumi ya kimo, na za aina A moja ya kumi na nne. Zinaweza kusimama wima au kulazwa kwa nyuzi 15 kuelekea kulia. Kiwango hicho hicho kina sehemu ya tano, ya mwaka 1997, inayohusu uandishi wa kompyuta.

Na kwa nini 2.5, 3.5, 5, 7, badala ya 2, 3, 4, 5? Kwa sababu kila kimo ni kile kilichotangulia mara 1.41, ambacho ni kipeuo cha pili cha 2, na hicho ndicho kinachotenganisha karatasi ya A4 na A3, A3 na A2, A2 na A1. Mchoro wa A1 wenye herufi za milimita 5 ukipunguzwa kuwa A2, herufi zinakuwa 3.5, ukipunguzwa tena kuwa A3, zinakuwa 2.5. Hazitoki nje ya mfululizo, na kalamu ya kurekebisha kosa kwenye nakala iliyopunguzwa ipo kabatini tayari. Sijui mfumo mwingine wa ofisini uliofikiriwa kwa uangalifu kuliko huu, na ninasikitika kuona vijana wanaanza kazi bila kuusikia.

Sasa uweke kwenye hali yetu. Michoro ya jengo huandaliwa kwa A1, yenye urefu wa milimita 841 na upana wa 594. Lakini seti inayozunguka saiti, inayokunjwa mfukoni na kulowa jasho, mara nyingi ni A3 kutoka duka la fotokopi, na A3 ni nusu kamili ya A1 kwa kila upande. Vipimo vilivyoandikwa kwa milimita 2.5 vinafika saiti vikiwa 1.25. Pitisha karatasi hiyo mara mbili kwenye mashine ya fotokopi na matundu ya 6, 8 na 9 yanaziba. Ndiyo maana nasema wazi: kama mchoro ni wa A1 na unajua utapunguzwa, 2.5 isitumike kwa kipimo chochote. Anzia 3.5, ambayo ikipunguzwa itabaki karibu na 1.8, na alama za nondo zipewe 5 pale nafasi inaporuhusu. Ofisi inayofanya nyumba ndogo za familia ingefanya vizuri zaidi kupanga michoro yake kwa A3 tangu mwanzo, itumie 2.5, na kuachana na kupunguza.

Kompyuta ilipoingia, kwanza iliiga kalamu. Mwaka 1967 Allen Hershey, mwanasayansi wa maabara ya silaha ya jeshi la majini la Marekani huko Dahlgren, Virginia, alitoa kazi yake ya herufi zinazochorwa na kompyuta kwa mistari mifupi iliyonyooka. Alizitoa katika familia kadhaa: zenye mkato mmoja, zenye mikato miwili, zenye mikato mitatu, za Kirumi, za Kigothi, za mwandiko wa mkono. AutoCAD ilipotoka Desemba 1982, uandishi wake ulifuata njia hiyo hiyo, na majina ya fonti zake za baadaye yanaonyesha ukoo huo: romans ni ya Kirumi yenye mkato mmoja, romand miwili, romant mitatu. Fonti hizi hukaa kwenye mafaili ya SHX. Ndani ya faili hakuna umbo lililojazwa wino; kuna orodha ya maagizo ya kalamu, kwamba shuka, nenda huku, pinda, nyanyuka. Plota za wakati ule zilikuwa na kalamu halisi iliyokimbia juu ya karatasi, kwa hiyo kila mkato ulikuwa ni muda. Fonti ya txt.shx, ambayo hadi leo wengi wanaikuta kwenye mafaili ya zamani, ilitengenezwa kwa mikato michache kadiri ilivyowezekana. Herufi O yake ina pembe unazoweza kuzihesabu. Ilifaa kwa mashine za mwaka 1982. Leo haina sababu ya kubaki.

TrueType ilikuja kwa njia nyingine. Apple iliitoa mwaka 1991, Windows 3.1 ikaipokea mwaka 1992, na katika muongo huo huo ikaingia kwenye programu za kuchorea. Hapa herufi ni umbo lenye mipaka, na ndani yake hujazwa wino. Arial na nyinginezo ni za aina hii. Tofauti kati ya SHX na TrueType mara nyingi huelezwa kama suala la urembo, na hapo ndipo maelezo yanapopotoka, maana tofauti kubwa iko kwenye unene wa mstari. Herufi ya TrueType inabeba unene wake yenyewe: ukiikuza inanenepa, ukiipunguza inakonda, uwiano hauharibiki. Herufi ya SHX haina unene wowote mpaka uipe. Inachukua unene wa leya au rangi yake wakati wa kuchapa. Kwa hiyo mtu anayeandika vipimo vya milimita 2.5 juu ya leya iliyopangiwa mstari wa 0.5 atapata herufi nene zilizojaa, 8 imekuwa kidonge cheusi, kisha atailaumu fonti. Dawa ni ile ya stensili nyeupe na kalamu nyeupe: leya ya maandishi ya 2.5 ipewe 0.25, ya 3.5 ipewe 0.35, ya 5 ipewe 0.5. Mpangilio huu mmoja unaokoa michoro mingi kuliko kubadilisha fonti mara kumi.

Baada ya unene huja skeli, na hapa ndipo wanaoanza huteseka. Ndani ya programu jengo linachorwa kwa ukubwa wake halisi: ukuta wa mita sita unachorwa milimita 6,000. Herufi ya milimita 2.5 ikiwekwa kando ya ukuta huo haionekani kabisa. Kwa hiyo inabidi ikuzwe kwa kiasi kile kile ambacho mchoro utapunguzwa wakati wa kuchapa: skeli ya 1:100 inadai herufi ya 250, ya 1:50 inadai 125, ya 1:20 inadai 50. Ramani ya kiwanja kwa 1:500 inadai 1,250. Mpima ardhi, anayechora kwa mita na si kwa milimita, ataandika 1.25 kwa skeli hiyo hiyo, na mchoro wake ukiingizwa kwenye wa msanifu bila kubadilisha vizio, maandishi yake yanageuka vumbi.

Njia ya zamani ilikuwa kutengeneza staili moja kwa kila skeli. Njia ya pili ni kuandika kwenye ukurasa wa kuchapia badala ya uwanja wa kuchorea, ambako 2.5 ni 2.5 bila hesabu. Inafaa sana kwa maelezo ya jumla, vichwa vya michoro na jedwali la milango, lakini haifai kwa maandishi yanayopaswa kuhama pamoja na kitu kilichochorwa. Ya tatu ililetwa na AutoCAD 2008: maandishi yanayojua skeli yake. Unaiambia staili kwamba kimo kwenye karatasi ni 2.5, na programu inafanya hesabu kwa kila dirisha la ukurasa. Naipendelea hii ya tatu kwa jengo linaloonyeshwa kwa skeli mbili au zaidi, mradi ofisi nzima ikubali kuitumia. Nusu ya watu wakiitumia na nusu wakikuza kwa mkono, mafaili huvurugika, na orodha ya skeli hurefuka hadi kuchosha.

Dirisha la amri ya STYLE lenyewe ni dogo. Lina jina, fonti, kimo, uwiano wa upana na mlalo. Lakini kila kisanduku kina mtego wake.

Kimo kikiachwa sifuri, programu itakuuliza kila unapoandika. Kikiwekwa namba, hutaulizwa tena. Wengi huweka namba wakidhani wanajirahisishia, kisha wanaitumia staili hiyo hiyo kwa vipimo. Kuanzia hapo kimo kilichowekwa kwenye mpangilio wa vipimo hakisikilizwi. Kile cha staili kinakifunika, na mtu anahangaika na kisanduku kisichokubali kubadilika. Staili ya vipimo iwe na kimo sifuri, siku zote. Ya maelezo inaweza kuwa na kimo maalumu, na mimi naona ni bora iwe nacho, kwa sababu kinamzuia mchoraji kubuni ukubwa mpya kila anapobanwa na nafasi.

Uwiano wa upana umekusudiwa kurekebisha fonti iliyo pana mno, 0.8 au 0.9 haina tatizo. Unaharibiwa pale unapotumika kama kiatu cha kubana, mtu akishusha hadi 0.5 ili jina litoshe chumbani. Hapa maandishi ya Kiswahili yana haki yake ya kudai nafasi. Michoro mingi ya Tanzania na Kenya bado huandikwa kwa Kiingereza, na visanduku vya violezo vilipimwa kwa maneno ya Kiingereza. Anayetaka kuandika "chumba cha kulala" au maelekezo ya kuchanganya zege kwa lugha anayoisoma fundi atakuta kisanduku kimebana. Kisanduku ndicho kipanuliwe, au maneno yagawanywe mistari miwili. Kubana herufi ni kumnyima msomaji kile ulichoamua kumpa.

Mtego mwingine hauonekani kabisa dirishani. Ukibadilisha fonti ya staili, maandishi yaliyokwisha kuandikwa yanabadilika nayo. Ukibadilisha kimo au upana, maandishi ya mstari mmoja yaliyokwisha kuandikwa yanabaki yalivyo, na mapya tu ndiyo yanayofuata. Na yale yaliyonakiliwa kutoka kwenye hati ya Word na kubandikwa ndani ya MTEXT, yaani kisanduku cha maandishi ya mistari mingi, huja yamebeba fonti yao tumboni. Badilisha staili utakavyo, hayatasikia. Ndiyo maana mchoro unaonekana kuwa na fonti tatu huku orodha ya staili ikionyesha moja. Bandika maandishi matupu yasiyo na mapambo, au uondoe mapambo kabla ya kufunga kisanduku.

Ubandikaji huo pia huleta alama ambazo fonti haina. Kiswahili kina bahati: alfabeti yake haina vitone wala vishada juu ya herufi, na karibu fonti yoyote ya SHX inaiandika yote. Kuna kitu kimoja tu cha kuangaliwa, ile ritifaa ya ng'. Word huigeuza kuwa alama iliyopinda, na fonti ya zamani isiyo na alama hiyo huweka alama ya kuuliza mahali pake, "banda la ng?ombe". Charaza alama iliyonyooka moja kwa moja kutoka kwenye kibodi na tatizo limekwisha. Alama za kiufundi zina njia yake: %%c hutoa alama ya kipenyo, %%d ya nyuzi, %%p ya jumlisha-toa. Lakini zinategemea fonti kuwa nazo, na hilo linatufikisha kwenye safari ya faili.

Mchoro haubebi fonti zake. Faili la DWG lina jina la fonti tu. Herufi zenyewe zinatafutwa kwenye kompyuta inayolifungua. Msanifu wa Arusha akimtumia mhandisi wa Dar es Salaam mchoro wenye fonti aliyoipakua mwenyewe, kompyuta ya mhandisi itaweka nyingine. Kwa SHX iliyokosekana AutoCAD hutoa taarifa na kutumia mbadala, ambao kwa kawaida ni simplex.shx. Kwa TrueType iliyokosekana, mara nyingi hakuna taarifa. Windows inaleta fonti nyingine na kazi inaendelea. Upana wa herufi umebadilika, maelezo yaliyotosha ndani ya fremu yanatoka nje, kipimo kinakalia mstari. Mbaya zaidi ni ofisi zilizojitengenezea SHX yao na kupachika alama zao kwenye nafasi za kawaida: mbadala ukiingia, alama ya kipenyo inaweza kutoweka kabisa.

Jina la staili nalo husafiri vibaya. Ukiingiza kipande cha mchoro chenye staili iitwayo Standard ndani ya faili lenye staili ya jina hilo hilo, ile ya faili linalopokea ndiyo inayoshinda, hata kama fonti zake hazifanani. Kwa kuwa kila faili huzaliwa na Standard, mgongano ni wa hakika. Usiandike chochote kwa Standard. Toa majina yanayobeba ofisi na kazi yake, kwa mfano herufi za mwanzo za ofisi, kisha VIPIMO au MAELEZO.

Anayetumia programu huru asiachwe nje ya hesabu hii. LibreCAD haisomi SHX. Ina fonti zake za mikato za aina ya LFF. FreeCAD huja na osifont, fonti huria inayofuata umbo la ISO 3098, ambayo mtu yeyote anaweza kuiweka pia kwenye kompyuta yenye AutoCAD. Kwa ofisi changa isiyo na fedha za leseni, au inayoshirikiana na wanaotumia programu tofauti, osifont inastahili kufikiriwa kwa uzito, kwa sababu inaweza kupelekwa pamoja na faili bila kuvunja masharti ya mtu. Kwa fonti za kibiashara soma kwanza masharti. AutoCAD yenyewe ina amri ya ETRANSMIT inayofungasha mchoro pamoja na michoro iliyounganishwa nao, na ukiiagiza, fonti pia. Itumie, badala ya kutuma DWG pekee na kungoja simu ya malalamiko.

Siku hizi mchoro huenda pia kwa PDF, na PDF husomwa kwenye simu. Hapo TrueType ina ushindi wa wazi: herufi zinabaki herufi, unaweza kutafuta neno "nguzo" na kulipata. SHX ndani ya PDF hugeuka mistari mitupu. AutoCAD 2016 ilijaribu kuziba pengo hilo kwa kuweka maandishi ya SHX kama maoni yaliyofichwa juu ya mchoro. Yanatafutika, lakini katika visomaji vingi huchomoza kama vibandiko vinavyosumbua, na wengi huzima huduma hiyo. Na mchoro ukitumwa WhatsApp kama picha, badala ya hati, hubanwa, na tarakimu ndogo ndizo hufa kwanza. Mkumbushe anayetuma: hati, si picha.

Basi kipi kichaguliwe? Kwa ofisi inayobadilishana DWG na wengi, naona jibu ni fonti mbili zisizozidi. Arial, inayopatikana kwenye kila Windows, kwa vichwa, jedwali na maelezo yatakayotafutwa ndani ya PDF. Kwa vipimo na alama za nondo, isocp.shx inayokuja na AutoCAD, kwenye leya yenye unene wa moja ya kumi ya kimo. Aliye na ushirika wa programu mchanganyiko aweke osifont kwa vyote viwili. Staili tatu au nne zinatosha kwa jengo lolote, na zikae kwenye kiolezo ambacho mtu mmoja tu ana ruhusa ya kukibadilisha. Fonti za mwandiko wa mkono, ambazo baadhi ya wasanifu huzipenda kwa sababu zinaupa mchoro sura ya zamani, ziishie kwenye michoro ya kumwonyesha mteja. Zisiguse kipimo.

Ombi langu kwa wakuu wa ofisi ni hili. Kabla ya mradi unaofuata, fungua kiolezo chenu, andika mstari mmoja wenye 3, 5, 6, 8, 9, 1 na 7 kwa kila staili, chapisha kwa A1, ipunguze hadi A3 kwenye duka la fotokopi mnalolitumia, kisha mpe mtu ambaye hakuandika azisome kwa sauti. Staili ambayo tarakimu yake moja imesomwa vibaya iondoeni kwenye kiolezo siku hiyo hiyo.